Kupoza Kompyuta kwa Maji: Hesabu za Kasha Dogo katika Nyanda za Juu za Kasulu

Mwalimu anayefungua kasha la kompyuta huko Kabanga mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Agosti au Septemba, hahitaji kipimajoto ili ajue kwamba mashine hiyo imeteseka. Vumbi jekundu la nyanda za juu za Buha limejaa baina ya mapezi ya alumini yaliyokaa juu ya prosesa, limeshikamana na nyuzi za nguo, na feni inazunguka kwa kelele bila kupitisha hewa ya kutosha. Kompyuta yenyewe haijafa, bali imekuwa nzito. Kazi iliyokuwa ikimalizika kwa dakika tano sasa yachukua kumi. Sababu ni kwamba prosesa za siku hizi zimeundwa zijihami: nyingi kati yake, zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi zenyewe, na joto likizidi hapo huzima mashine.

Hali ya namna hiyo ndiyo huwafanya wanafunzi na mafundi vijana waulize kama haingefaa kuiacha hewa na kutumia maji, kama yatumikavyo katika injini ya lori. Swali hilo ni zuri. Vifaa vya kupoza kompyuta kwa maji vinauzwa, na fundi aweza kuvipanga kipande kwa kipande hata ndani ya kasha dogo la mezani lisilozidi lita 15 kwa ujazo. Lakini kompyuta ya aina hiyo ni mali kubwa kwa mwalimu au kwa shule iliyoinunua kwa michango, na kijiko kimoja cha maji kikimwagikia bodi kuu umeme ukiwa umewashwa chaweza kuwa mwisho wake. Madhali kosa ni ghali, hesabu hazina budi kutangulia bisibisi.

Joto halipotei, huhama

Kwa macho ya mwanafizikia, kompyuta ni jiko la umeme. Injini ya lori hugeuza sehemu ya nishati ya dizeli kuwa mwendo. Kompyuta haibebi mzigo wala haisukumi gurudumu, na karibu nishati yote inayoingia kwa waya wa umeme hutoka ikiwa joto. Ichukuliwe mashine yenye prosesa ya wati 120 na kadi ya picha ya wati 180, ambayo si kubwa mno kwa viwango vya leo. Jumla ni wati 300. Pasi ya umeme ya wati 1,000 hutoa joto zaidi ya mara tatu ya hilo, lakini pasi hulieneza juu ya bamba la sentimita za mraba zipatazo 200, yaani wati 5 kwa kila sentimita ya mraba. Prosesa hutoa wati zake 120 kutoka kipande cha silikoni chenye sentimita mbili za mraba hivi: wati 60 kwa kila sentimita. Hapo ndipo ugumu ulipo. Joto la kompyuta si jingi, bali limebanwa mahali padogo, na kazi ya chombo chochote cha kupozea ni kulitoa mahali hapo na kulitandaza.

Mashine hizi hazikuwa hivyo tangu mwanzo. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965; mashine za kizazi hicho zilijaza chumba, na joto lao liliondolewa na viyoyozi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katazo hilo lilipokuja kulegezwa, zilizoingia kwa wingi zilikuwa mashine ndogo za mezani. Prosesa ya Pentium ya mwaka 1993 ilitumia wati zipatazo 15, na feni ya ukubwa wa kiganja iliitosha. Katika nchi zilizounda mashine kubwa, maji yalikwisha kuingia kazini zamani: kampuni ya IBM iliyatumia kupoza baadhi ya mashine zake za System/360 katika miaka ya 1960, na tena katika IBM 3081 ya mwaka 1980. Waundaji wa Cray-2, mwaka 1985, walikwenda mbali zaidi wakazamisha saketi zake zote katika kimiminika kisichopitisha umeme. Kwa hiyo maji si jambo geni. Lililo geni ni kuyaingiza ndani ya kasha linalobebeka kwa mkono mmoja.

Ubora wa maji waweza kuonyeshwa kwa hesabu fupi. Lita moja ya maji ikipanda joto kwa nyuzi moja humeza jouli zipatazo 4,200. Lita moja ya hewa ya Kabanga ina uzito wa gramu moja hivi, nayo ikipanda nyuzi moja humeza jouli moja tu. Lita moja ya maji, basi, hubeba joto sawa na lita elfu nne za hewa. Bomba jembamba kama kidole laweza kufanya kazi ambayo kwa hewa ingehitaji dirisha.

Lakini neno “hubeba” lishikwe kwa nguvu, kwani watu wengi hupotea hapa. Maji hayaui joto. Mzunguko mzima wa kompyuta ndogo una maji yapatayo mililita 400. Feni za rejeta zikisimama na mashine ikaendelea kutoa wati 300, maji hayo yatapanda karibu nyuzi 11 kila dakika. Yakianza kwenye nyuzi 38, yatafika 60 kwa dakika mbili tu, na nyuzi 60 ndio ukomo uliowekwa kwa pampu na mipira mingi ya kazi hii. Maji ni hamali. Huchukua joto kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, na mwisho wa safari mpokeaji ni yule yule wa zamani: hewa ya chumbani. Fundi anayeanza kwa kuchagua pampu na mipira ya rangi ameanza nyuma. Mpango wa kweli huanza kwa hewa, huenda kwenye rejeta, kisha ndipo ushuke kwenye maji, pampu na bamba la shaba.

Mwanafunzi makini aweza kupinga kwa kutaja mtungi. Maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kuliko hewa ya nyumba. Kwa nini ya kompyuta yasiwe hivyo? Jibu ni kwamba mtungi hutoka jasho. Maji hupenya vinyweleo vya udongo na kuvukizwa, na kila gramu inayogeuka mvuke huondoka na jouli zaidi ya 2,400. Mzunguko wa kompyuta umefungwa, hauvukizi, na kwa sababu hiyo maji yake hayawezi kamwe kushuka chini ya jotoridi la hewa inayopita kwenye rejeta. Hilo ni jambo la heri. Maji yakiwa baridi kuliko hewa, umande hutunga juu ya mabomba kama utungavyo juu ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na umande juu ya bodi kuu ni uvujaji kama uvujaji mwingine. Barafu, basi, isitiwe kwenye kitangi kwa dhana ya kusaidia.

Hewa nyepesi ya Kabanga

Kasulu na Kabanga ziko mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni asilimia 86 hivi ya ile ya pwani, na maji huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100, jambo ambalo kila mpishi wa maharage wa Buha analijua kwa kuni zake hata asipolijua kwa kipimajoto. Kwa kompyuta, matokeo ni haya: feni inayozunguka kwa kasi ile ile husukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini hewa hiyo ina gramu chache zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar es Salaam, ikiwa na nyuzi 32, ina uzito wa kilo 1.16 hivi, ya Kabanga, ikiwa na nyuzi 26, ina kilo 1.01. Pungufu ni asilimia 13.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba Kabanga imeonewa. Ichukuliwe rejeta ya feni mbili za milimita 120, ambayo kwa jumla husukuma hewa mita za ujazo 100 kwa saa. Huko Dar es Salaam, rejeta ya namna hiyo ikiondoa wati 300 huenda ikayaacha maji nyuzi 12 juu ya hewa, yaani nyuzi 44. Kabanga, kwa sababu ya wepesi wa hewa, tofauti hiyo itapanda hadi nyuzi 13.5 hivi, lakini hewa yenyewe ilianza kwenye 26, na maji yatakuwa na nyuzi 39.5. Mwinuko umenyang’anya nyuzi moja na nusu, na ubaridi wa nyanda za juu umelipa sita. Hii ndiyo sababu mwenye kupanga hana budi kupima hewa ya chumba chake mwenyewe, saa nane mchana, mwezi wa joto kali kuliko yote, wala asichukue takwimu za kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Darasa lenye bati bila dari si chumba cha nyuzi 26.

Kwa kawaida ya mafundi, kila eneo la feni moja ya milimita 120 kwenye rejeta huhesabiwa kuwa laweza kuondoa wati 100 hadi 150. Mahali kama Kabanga, penye hewa nyepesi na vumbi, ni busara kushika kiwango cha chini. Wati 300 kwa hesabu hiyo zadai feni tatu; atakayeridhika na mbili ajue kwamba zitazunguka kwa kasi na kupiga kelele, au maji yake yatakuwa moto zaidi.

Kuhusu vumbi, ukweli usemwe bila kupambwa: maji hayaliondoi. Rejeta ina mapezi kama yale ya kipozeo cha zamani, na vumbi litayaziba vile vile. Faida iliyopo ni kwamba hewa yote huingia kwa mlango mmoja, na mlango mmoja walindika. Rejeta yenye mapezi yaliyoachana milimita mbili ni bora Kabanga kuliko ile iliyobanwa kwa milimita moja, ingawa dukani hii ya pili husifiwa kuwa na eneo kubwa zaidi. Feni zielekezwe kusukuma hewa ndani ya kasha, ili kanieneo ya ndani izidi ya nje kidogo na vumbi lisinyonywe kupitia kila tundu. Mbele ya feni huwekwa chujio. Soksi nyembamba ya nailoni iliyotandazwa juu ya fremu ya waya hutosha, nayo hufuliwa kila wiki wakati wa kiangazi.

Ndani ya kasha

Kasha dogo halisamehe. Rejeta inayoitwa ya milimita 240 huwa na urefu wa milimita 275 hivi kwa sababu ya matangi yake ya ncha mbili, na unene wa milimita 30. Feni huongeza 25 nyingine. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 10 na cha nje milimita 16 haukunjiki kwa pembe kali, nao huchukua nafasi kuliko unavyoonekana mchoroni. Kwa kuwa vifaa hivi havipatikani Kasulu na kila kosa la kipimo ni majuma ya kungoja mzigo mwingine, njia iliyo rahisi ni kukata maboksi ya karatasi ngumu kwa vipimo kamili vya rejeta, pampu na kitangi, kuyapanga ndani ya kasha, na kujaribu kufunga mlango. Karatasi ikigoma, metali haitakubali.

Mpangilio wa vifaa katika mzunguko huzua ubishi mwingi kuliko unavyostahili. Wengine husisitiza kwamba maji yapite prosesa kwanza, kisha rejeta, kisha kadi ya picha. Hesabu humaliza ubishi. Pampu ndogo ikipitisha lita mbili kwa dakika, wati 300 zitayapandisha maji nyuzi 2.1 tu kutoka mwanzo hadi mwisho wa mzunguko. Tofauti hiyo haimtoshi mtu kupinda mpira kwa shida. Lenye uzito ni moja: kitangi kikae kabla ya pampu na juu yake, ili pampu isimeze hewa, kwani pampu hizi hulainishwa na maji yenyewe na zikizunguka kavu huharibika upesi. Tena mahali pa juu kabisa pa mzunguko pawe kwenye kitangi au kwenye rejeta, viputo vya hewa vipate pa kukusanyikia pasipo kuziba bamba la prosesa.

Bamba hilo ni kipande cha shaba chenye mifereji myembamba ndani yake. Hukazwa juu ya prosesa, na baina yake hupakwa pesti ya kupitishia joto, kiasi cha punje ya mchele, kwa sababu nyuso mbili za metali hata zikisuguliwa vipi hugusana kwa vilele tu na hewa hubaki mabondeni. Njia nzima ya joto yaweza kusomwa kama kanuni ya Ohm, jotoridi likichukua nafasi ya volti na wati zikichukua nafasi ya mkondo. Kutoka silikoni hadi maji, ukinzani waweza kuwa robo ya nyuzi kwa kila wati; wati 120 zitaleta tofauti ya nyuzi 30. Maji yakiwa 39.5, prosesa itakuwa karibu na 70. Iko mbali na 95, na ipo nafasi ya vumbi na ya mchana wenye joto kupita kawaida.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, labda kwa kuwa hawajasafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo wakati wa masika. Kipozeo kikubwa cha hewa kwa prosesa ya wati 120 ni mnara wa metali unaoweza kufikia kilo moja, nao hukaa ukining’inia kwa skurubu nne juu ya bodi kuu. Kwenye gari linalorukaruka, mnara huo huwa nyundo. Bamba la maji ni jepesi, na uzito wa rejeta hubebwa na kasha. Kwa mashine itakayohamishwa mara kwa mara, mathalani kutoka shule moja kwenda nyingine wakati wa mafunzo ya walimu, hoja hii yaweza kushinda zile zote za jotoridi. Hata hivyo viungio vya mipira vikaguliwe kila baada ya safari, kabla ya umeme kuwashwa.

Maji gani, metali gani

Hapa ndipo mipango mingi huharibika, na huharibika polepole, miezi sita baada ya fundi kujisifu. Karibu na nyumba kuna gereji, na kwenye gereji kuna rejeta kuukuu ya pikipiki, ya alumini, ya bei ndogo. Kishawishi ni kikubwa. Lakini bamba la prosesa ni la shaba, na shaba na alumini zikiunganishwa kwa maji yenye chumvi zimekuwa betri. Alumini, iliyo tayari zaidi kutoa elektroni, huliwa. Matundu madogo hutokea kwenye kuta zake nyembamba, na mabaki meupe huenda kuziba mifereji ya bamba.

Jaribio lake lafanyika darasani kwa gharama ndogo. Kipande cha waya wa shaba na kipande cha alumini hutumbukizwa katika bilauri ya maji visigusane, na ncha zake huunganishwa na kipima-mkondo. Katika maji yaliyokenekwa, mshale hautikisiki sana. Katika maji ya kisima utasogea. Kisha hutiwa kijiko cha chumvi ya Uvinza, ile ile inayotoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi kusini mwa Kasulu, na mshale utaruka. Kipima-volti kitaonyesha yapata nusu volti. Wanafunzi wakiacha bilauri hiyo kwa wiki mbili huku ncha zimeunganishwa, wataona kwa macho alumini ilivyotoboka. Somo la mfululizo wa metali hupata maana mpya pale metali inayoliwa inapokuwa ni ya kompyuta yao.

Kanuni ni kwamba mzunguko mzima uwe wa jamii moja: shaba, shaba nyeupe na nikeli hukaa pamoja bila ugomvi mkubwa. Nikeli hupakwa juu ya bamba la shaba ili lisififie. (Kabanga inayotajwa katika habari za madini kwa ajili ya akiba yake ya nikeli ni ile ya Ngara, mkoani Kagera, wala si hii ya Kasulu, majina hayo mawili huchanganywa mara nyingi.)

Maji yenyewe yawe yaliyokenekwa. Mwenye kipoza-mvuke cha Liebig katika maabara ya shule aweza kuyapata kwa saa chache za moto. Asiye nacho atayakuta kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, lakini achunguze chupa kwa makini, maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo na kwa macho hazitofautiani. Maji ya mvua ya bati hayafai: yana asidi kidogo tangu angani, na yamechukua zinki na vumbi njiani. Tena asidanganyike mtu kwamba maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme, hivyo yakivuja hayadhuru. Ni kweli siku ya kwanza. Baada ya majuma machache yamekwisha kunywa ioni kutoka kwenye metali, na tone likianguka juu ya bodi hukusanya vumbi lililopo na kuwa njia ya umeme.

Maji safi yanayokaa katika nyuzi 35 hadi 40, penye mwanga, ni makao mazuri ya mwani na vijidudu. Kwa sababu hiyo huongezwa dawa ya kuzuia viumbe na kutu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mipira isiyopenya mwanga hupendelewa, hata kama ile inayoangaza hupendeza zaidi. Dawa ya rejeta ya gari, ile yenye glikoli, yaweza kutumika kwa kiasi kidogo kwa sababu ina vizuia-kutu, lakini glikoli yenyewe iliwekwa kwa ajili ya nchi zenye barafu. Hupunguza uwezo wa maji kubeba joto, na nyingi kati yake ni sumu yenye ladha tamu. Isiachwe penye watoto.

Na mawese, je? Mkoa wa Kigoma ni mkoa wa michikichi, na swali hili haliepukiki, hasa kwa wanaojua kwamba mafuta hayapitishi umeme. Mawese hubeba nusu tu ya joto linalobebwa na uzito ule ule wa maji, hunata mara makumi kuliko maji hata pampu ndogo isiweze, na asubuhi za baridi za Kabanga huganda chomboni. Yabaki jikoni.

Wazo la pipa

Lipo wazo moja linalostahili heshima zaidi ya mawese, nalo ni kutumia pipa. Ikiwa kompyuta haihami, kwa nini maji yasitoke nje kwa mipira miwili hadi kwenye pipa la plastiki la lita 200 lililowekwa kivulini? Maji ya pipa humeza jouli 840,000 kwa kila nyuzi. Wati 300 zikiingia kwa saa 8 mfululizo zitalipandisha nyuzi 10 hivi hata kama pipa lisingepoteza joto lolote. Likianza asubuhi kwenye nyuzi 20, jioni litakuwa 30. Usiku wa nyanda za juu, ambao ni baridi, utalirudisha chini. Mashine haina rejeta, haina feni ya kusikika, na wati 300 zinatupwa nje ya darasa badala ya kuwapasha wanafunzi waliomo. Kasoro zake ni uzito wa maji, hitaji la pampu yenye nguvu zaidi na usafi wa maji mengi. Lita 200 za maji yaliyokenekwa hazipatikani kirahisi. Dawa yake ni kutenga maji mawili: yale safi yazunguke ndani ya koili ya shaba, na koili izamishwe katika pipa la maji ya kawaida. Hilo lingekuwa zoezi zuri la kidato cha sita. Ila kompyuta hiyo si ndogo tena, na haiwezi kufungiwa kabatini usiku.

Kabla ya kuwasha

Mzunguko uliokamilika haujazwi maji kwanza, hujazwa hewa. Pampu ya baiskeli yenye kipimo, ikiunganishwa mahali pa kujazia, huongeza kanieneo hadi nusu ya angahewa, kisha huachwa nusu saa. Mshale ukishuka, pana kiungio kinachopumua, na afadhali kitoe hewa kuliko maji. Baada ya hapo hutiwa maji, na pampu peke yake huendeshwa kwa saa 24 ikilishwa umeme wa pembeni, kompyuta ikiwa imekatwa kabisa. Karatasi za msalani huzungushwa chini ya kila kiungio, kwani doa la unyevu huonekana juu yake mapema. Viputo vikiisha, kasha hulazwa upande huu na ule ili vilivyojificha kwenye rejeta vitoke.

Imebaki hukumu. Kompyuta nyingi za shule zina prosesa ya wati 65 au pungufu na hazina kadi ya picha kubwa. Kwa hizo, kupoza kwa maji ni anasa: kipozeo cha hewa chenye feni ya milimita 92, chujio la soksi na brashi ya kila mwezi vitafanya kazi ile ile kwa sehemu ndogo ya gharama, na pasipo hatari ya kuvuja. Hesabu hugeuka pale wati zinapozidi 200 ndani ya kasha ambalo haliwezi kupokea kipozeo kirefu, au pale mashine inaposafiri. Mwenye hali hiyo, akiwa na rejeta ya kutosha, metali za jamii moja na mtu aliyekubali kuitunza, ana sababu ya kuendelea. Asiye na huyo mtu wa mwisho asianze.

Matunzo yenyewe si mengi. Mstari huchorwa kwenye kitangi siku ya kujaza, kwa maana mpira hupitisha mvuke kidogo kidogo na maji hupungua hata pasipo kuvuja. Yakishuka kwa milimita chache katika miezi mitatu huongezwa maji yaliyokenekwa. Yakishuka kwa siku moja, waya wa umeme huchomolewa kwanza, ndipo sababu itafutwe.